Kikohozi Ulichonificha, Dada Rukia

Kirongwe, Mafia

Mpendwa dada Rukia,

Shikamoo. Nimeanza kwa shikamoo kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha kuitamka, na baba yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, hakutulea tuwakose adabu wakubwa hata tukiwa na hasira. Lakini usidhani imetoka kwenye moyo mweupe. Miaka sita imepita tangu uondoke Chole bila kunitazama usoni, na katika miaka hiyo sikukuandikia wala sikukuulizia. Mtu akilitaja jina lako mbele yangu, niliinuka nikaingia ndani.

Barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Tulikaa mkeka mmoja katika chuo cha baba, watoto wa kike wawili kati ya wavulana wote wale, na wewe ndiye uliyenishika kidole ukakipitisha juu ya alifu na be mpaka nikazijua. Kwa hiyo hutahitaji mtu wa kukusomea. Ukitaka kuwasomea wengine, wasomee. Mimi sina ninalolificha.

Mama alipokufa nilikuwa na miaka minne, nawe ulikuwa na kumi na mitatu. Sura ya mama siikumbuki. Nikijaribu kumkumbuka mama, wewe ndiye unayekuja. Nakumbuka magoti yako yakinibana ili nisikimbie ulipokuwa ukinisuka. Nakumbuka ulivyonipulizia uji, ukaonja, ukapuliza tena, baba akicheka kwamba utaumaliza kabla sijaonja. Unakumbuka tulipokwenda Juani kwa shangazi, tukashuka pwani ya Kua maji yakiwa yametoka, nikakanyaga mwiba wa baharini? Nililia kama nimekatwa mguu. Ulinikalisha juu ya jiwe la ukuta ulioanguka, ukauinamia unyayo wangu, ukaung'oa mwiba kwa meno, ukafyonza, ukatema. Halafu ulinibeba mgongoni mpaka kwa shangazi, na njia nzima ulikuwa ukiniambia, "Zaina, mimi nikiwapo hakuna kitu kitakachokudhuru."

Nilikuamini. Niliendelea kukuamini hata nilipokuwa mtu mzima, mwenye mume na nyumba.

Ulipoolewa Kilwa nilikuwa na miaka kumi na moja. Niliushika ushungi wako nikakataa kuuachia, mpaka baba akavifungua vidole vyangu kimoja kimoja. Baada ya hapo tulipata habari zako kwa wasafiri tu. Kwamba umejifungua, kisha kwamba mtoto hakufika arubaini. Kwamba umejifungua tena, na huyo pia hakufika. Kila habari ilipokuja nililala na upande wa kanga mdomoni ili Salum, mume wangu, asinisikie nikilia. Mwisho ikaja habari kwamba shemeji amefariki. Homa, walisema. Ulimaliza eda yako, ukarudi nyumbani kwetu hapa Kirongwe na kasha moja la nguo.

Mimi nilikuwa na mimba ya miezi saba. Nilikukimbilia njiani na tumbo langu lote hilo, Salum akipiga kelele nyuma yangu kwamba nitaanguka. Nilipokukumbatia nikahisi mifupa.

"Dada, umekonda!"

"Mtu akifungiwa ndani miezi minne na siku kumi atanenepa vipi?" ukasema, ukacheka. Tena ukanigeuza huku na huku kama nguo inayouzwa. "Wewe ndiye umenenepa kwa niaba yetu wote."

Nilikupa chumba cha upande wa mashariki, chenye hewa. Nilisema moyoni, sasa nitazaa bila hofu, dada yangu yupo.

Nikikumbuka sasa, naona mengi ambayo wakati ule sikuyaona. Uliacha kula nasi sinia moja, ukasema umezoea kula peke yako tangu eda. Ulikuwa na kikombe chako, ukikisugua kwa majivu. Kila asubuhi ulikwenda peke yako nyuma ya minazi, ukakaa huko kitambo, na ukirudi macho yako yalikuwa mekundu. Nilidhani unamlilia marehemu. Siku moja nilikuita ukiwa huko, nikakusikia ukikohoa, kikohozi kirefu cha kutoka chini kabisa. Nilipouliza ulisema umepaliwa na moshi wa vifuu. Nikamwambia Salum ahamishe jiko la vifuu mbali na chumba chako. Alilihamisha siku hiyo hiyo, maskini, akitoka jasho, nawe ulikaa kizingitini ukimtazama akihangaika, ukamshukuru.

Mwanangu alizaliwa salama mikononi mwako. Wewe ndiye uliyemfuta na kumfunga kitambaa, na baba yake akamwadhinia katika sikio la kulia. Tulimwita Mwanahawa, jina la mama. Ulilia sana siku ile, nami nikakwambia, "Dada, huyu ni wetu sote wawili." Nililisema kwa ulimi wangu. Sikanushi hilo.

Mwezi wa pili nilipata jipu la ziwa. Nilikuwa na homa inayonitetemesha mpaka kitanda kinalia, na mtoto akinikaribia nilipiga ukelele. Ulimchukua. Ulimlaza chumbani kwako, ukamlisha maziwa ya ng'ombe kwa kijiko, ukichemsha kila mara kama mama mwenye watoto kumi. Baadaye ukaanza kumpa uji, na baada ya uji ukaanza kumtafunia wali na ndizi mbivu, ukimtia kinywani kwa ncha ya kidole. Alinenepa. Wanawake wa Kirongwe walikuja kunitazama mgonjwa wakaondoka wakikusifu wewe. Nilipopona, ziwa moja lilikuwa limekauka, na mtoto alikuwa amekuzoea. Akiamka alikutafuta wewe kwa macho. Iliniuma kidogo, lakini nilijiambia, ana haki, amelelewa naye, na amelelewa vizuri.

Sikio ulianza kuliona wewe. Hilo nalijua sasa. Nilikuta pamba ya msufi imetiwa katika sikio la kushoto la mtoto, nikauliza ya nini.

"Upepo," ukasema. "Mtoto mchanga asiingiwe na upepo."

Siku nyingine nikaitoa mwenyewe wakati wa kumwogesha. Ilikuwa imelowa maji mepesi ya njano, yenye harufu. Nilikuita kwa sauti. Ulikuja, ukatazama, ukasema ni maji ya kuogea yaliyoingia, yatatoka yenyewe. Hayakuisha. Nikapasha mafuta ya nazi nikadondosha. Nikakamua kitunguu cha moto. Salum akaenda kwa mwalimu aliyeshika chuo baada ya baba, akaandikiwa kombe, aya za Kurani kwa zafarani juu ya sahani, tukalikosha kwa maji tukampa mtoto matone mawili. Sikio liliendelea kutoka. Kitu kilichonishangaza ni kwamba Mwanahawa hakulia. Watoto wa majirani wakiumwa masikio hulia mpaka nyumba ya tatu haipati usingizi. Huyu alicheka, akanyoosha mikono, na sikio linamtiririka. Chini ya sikio, shingoni, vikatokea vinundu vitatu kama kunde.

Kisha ikafika asubuhi ile ambayo nilimtekenya acheke, akacheka nusu. Upande wa kulia wa uso ulicheka, wa kushoto ukabaki umelala. Jicho la kushoto halikufumba sawasawa, na uji ukamchuruzika pembeni mwa mdomo. Nilikimbia naye kwako. Ulimtazama, dada, ukakaa chini pale pale kwenye udongo. Nilidhani ni uchungu wa mlezi.

Wakati huo ilisikika kwamba katika boma la Wadachi, kule Chole, amekuja mzungu wa dawa kuwakagua askari, na kwamba anawatazama na watu wengine. Watu walimwita Bwana Mganga. Salum akasema twende. Wewe ulisema wazungu hukata watoto. Nikakwambia, "Kama hutaki, baki." Lakini ulikuja. Njia yote mpaka pwani ulimbeba wewe, hukukubali nikupokee, na baada ya kuvuka tulifikia katika nyumba ya binamu yake Salum, mle mle Chole.

Bwana Mganga alikuwa mtu mfupi, kipara, anayesema Kiswahili cha kukatakata lakini kinachoeleweka. Alimlaza Mwanahawa mezani, akatazama ndani ya sikio kwa kioo cha duara, akabonyeza mfupa ulio nyuma yake.

"Analia nikigusa hapa?"

"Halii, bwana."

"Tangu mwanzo hakulia?"

"Hata siku moja."

Alichukua usaha kidogo akaupaka kwenye kipande cha kioo, akatuambia turudi kesho yake. Tuliporudi alikuwa amekaa karibu na chombo chake cha shaba cha kukuzia vitu. Hakutukaribisha tukae.

"Sikio la mtoto mchanga kutoka usaha ni jambo la kila siku," akasema. "Huuma, mtoto analia siku mbili tatu, linapasuka, linapona. Hili halikuuma. Wadudu niliowaona humu ni wale wale wa kifua kikuu. Katika sikio la mtoto mdogo hivi ni nadra sana. Nimeliona mara chache katika kazi yangu yote. Na kila nilipoliona, palikuwa na mtu mzima karibu ya mtoto, anayekohoa." Akanitazama. "Nani anakohoa nyumbani kwako?"

"Hakuna, bwana."

"Fikiri."

"Wallahi, bwana, nyumbani kwetu hakuna mtu anayekohoa."

Niliapa, dada. Niliapa kwa jina la Mungu, mkono wangu ukiwa juu ya kichwa cha mwanangu, nawe umesimama hatua moja nyuma ya bega langu. Nilisikia pumzi yako.

Yule mzungu hakuridhika. Akakunyooshea kidole. "Na wewe? Wewe ndiye unayemlisha? Unakohoa?"

"Sikohoi, bwana," ukajibu. Sauti yako haikutetemeka.

"Vema," akasema. "Lakini mkimjua mtu huyo, mtoto asikae naye. Asilale naye, asile kitu kilichotoka kinywani mwake. Nitaukwangua mfupa uliooza nyuma ya sikio. Kama yule mtu atabaki naye, kazi yangu itakuwa bure."

Ulisikia yote hayo. Huwezi kusema kwamba hukuelewa, maana tulipotoka nje mimi ndiye niliyekuuliza amesema nini kuhusu kinywa, na wewe ukanieleza neno kwa neno.

Siku ya kukatwa walimnusisha dawa ya usingizi, wakatufungia mlango. Tulikaa chini ya ukuta wa boma, Salum akitembea kwenda na kurudi, wewe na mimi tumeshikana mikono. Tulisoma Yasini pamoja. Nilipokwama wewe uliendelea, kisha ulinivuta ukaniegemeza kifuani pako. Niliegemea kifua hicho hicho. Nilisema, "Dada, nisingekuwa na wewe leo ningekufa." Ulinipapasa kichwa tu.

Alitoka akiwa hai, kichwa kimefungwa vitambaa vyeupe, amerejea kuwa mdogo kama siku aliyozaliwa. Bwana Mganga alituagiza tubaki Chole majuma manne ili amsafishe kidonda kila siku. Salum akarudi Kirongwe kutazama shamba. Tukabaki sisi, na mimi kila siku nilikwenda kisimani kuteka maji ya kuchemsha, nikakuachia mtoto. Nilikuachia wewe. Kila siku, kwa majuma matatu.

Katika juma la tatu nilimkuta Bi Tatu kisimani. Sikuwa namjua. Alijitambulisha kuwa ni dada wa marehemu mumeo, ametoka Kilwa kuja kuwatazama jamaa zake wa Chole, amesikia tupo, na alikuwa anakusudia kuja kutuamkia. Tukasalimiana, akanipa pole ya mtoto. Halafu akasema, kwa upole tu, kama mtu anayeuliza habari za mvua:

"Na kile kifua cha Rukia kimepoa?"

"Kifua gani, bibi?"

"Basi hakuwaambia? Marehemu kaka yangu alikufa kwa kifua kikuu. Rukia alimuuguza mwaka mzima, na kabla hajafa, yeye naye akaanza kutema damu. Tulimwambia akae kwetu tumtazame. Akasema hapana, hewa ya Mafia itamponya. Nimefurahi kusikia yuko mzima mpaka analea mtoto."

Niliuweka mtungi chini. Sikukumbuka kuuchukua tena.

Nilipoingia uani ulikuwa umekaa mkekani, umempakata Mwanahawa, kichwa chake cha vitambaa kimelala mkononi mwako. Ulikuwa unatafuna kiazi. Ulikitoa kwa ncha ya kidole, ukamsogezea, naye akafungua mdomo wake wa nusu. Nilimpokonya. Kiazi kikaanguka. Mtoto akalia, nami nikakuuliza swali moja tu:

"Dada, unakohoa?"

Ulinitazama, kisha ukautazama mkeka.

"Nimekutana na Bi Tatu," nikasema.

Halafu ukasema lile neno ambalo nimelibeba miaka sita.

"Ningekwambia, ungenipa mtoto?"

"Nisingekupa."

"Basi."

"Basi nini? Mganga alikuuliza! Umesimama pale, mimi naapa kwa Mungu, wewe kimya! Na baada ya kuambiwa! Baada ya kuambiwa, dada, majuma matatu!"

"Niliogopa utaniondoa. Sina mwingine, Zaina. Nilizika wawili. Huyu ndiye aliyenishika kidole."

Sitakuficha nilichokifanya baada ya hapo, ijapokuwa wewe ulikuwapo na unakijua. Nilipiga kelele mpaka wanawake wa nyumba za jirani wakaja, na mbele yao nikasema unatema damu na umemlisha mwanangu. Niliuburura mkeka wako nikautia moto uani, na shuka yako, na kikombe chako nikakivunja. Wanawake walirudi nyuma kama umeshika nyoka. Hukujitetea. Ulifunga nguo zako, ukajitanda, ukapita katikati yao mchana ule wa jua kali, na kikohozi kikakushika pale pale mlangoni, mbele ya watu wote. Ulikohoa umeshika nguzo. Hakuna aliyekusogelea. Mimi pia sikukusogelea. Siku mbili baadaye nikasikia umeondoka na Bi Tatu kurudi Kilwa.

Nilirudi kwa Bwana Mganga nikamwambia kwamba nilikuwa nimeapa uongo bila kujua. Alisikiliza, akatikisa kichwa. Akasema, "Umeambiwa uongo na mtu unayempenda. Hilo hutokea sana. Sasa mlinde mtoto." Akaondoka Chole mwezi uliofuata, na sikumwona tena.

Nimemlinda, dada. Miaka miwili mizima sikio liliendelea kutoka. Kila asubuhi nilichemsha maji na chumvi, nikayapoza, nikaliosha, nikalikausha kwa kitambaa safi. Mara tatu nilitoa humo vipande vya mfupa vidogo kama punje za mchele. Harufu yake iliwafanya watoto wenzake wamkimbie, nami nikawa ndiye mwenzake wa kucheza naye. Homa ilikuja na kuondoka, na kila ilipokuja nilimtandikia sanda moyoni mwangu. Kisha, polepole, likakauka. Vinundu vya shingoni vimeacha makovu. Mdomo umebaki kuvutika upande, na sikio la kushoto halisikii chochote, hata nikipiga sufuria karibu nalo. Lakini yu hai. Ana miaka sita na nusu. Ameanza chuo, na amejichagulia mwenyewe pa kukaa, upande ambao mwalimu anakuwa kulia kwake. Anasoma vizuri kuliko nilivyosoma mimi katika umri ule.

Watu huniambia, ugonjwa ni wa Mungu. Nakubali. Sikukasirikia kifua chako. Ungerudi ukaniambia, "Zaina, mdogo wangu, mume wangu alikufa kwa kifua, na mimi nimeanza," ningekujengea kibanda cha makuti penye hewa, ningekupikia supu ya kuku, ningekaa nje ya mlango wako jioni zote tukizungumza habari za mama. Ungemwona mtoto ukiwa kule, nami nikiwa huku nimemshika, ukamtazama akikua. Ungekuwa na mtoto wa kumtazama, nami ningekuwa na dada. Uliona hiyo ni kidogo. Ulitaka yote, na ili upate yote ulinifanya mimi, uliyenilea, kuwa mtu wa nje asiyestahili kuambiwa kinachomuua mwanawe.

Na kuna jambo jingine ambalo sikumwambia mtu. Tangu siku ile sijui nikumbuke nini. Nikikumbuka ulivyokuwa ukinionjea uji, naona kinywa chako na mwanangu. Nikikumbuka magoti yako, nakusikia ukisema, "Sikohoi, bwana." Sina mama mwingine wa kumkumbuka isipokuwa wewe, na wewe umeniharibia huyo. Hilo ndilo linalonitia uchungu kuliko sikio. Sikio limekauka.

Juzi Bi Tatu amekuja Kirongwe. Amezeeka. Alikaa barazani akazunguka na maneno mengi ya adabu kabla ya kusema alichotumwa. Alisema uko kitandani tangu mfungo sita, mwezi wa Maulidi. Alisema sauti imekwisha, unanong'ona. Alisema unataka radhi yangu, na unataka kumwona Mwanahawa, hata kwa kusimama naye mlangoni, hata kwa kumpitisha njiani mbele ya dirisha. Kisha akalia, yule mama mtu mzima, akasema, "Kosa ni langu pia. Ningewaandikia mapema." Nikampa maji.

Salum ametafakari siku mbili, halafu akaniambia, "Nenda. Ukikataa, utamzika kila siku." Nilimkasirikia kwa kusema hivyo. Lakini leo asubuhi nimefungua kasha nikaanza kukunja nguo.

Basi sikiliza jibu langu, dada. Naja. Bi Tatu anakaa hapa siku kumi kwa ajili ya arusi ya jamaa yake, akirudi nitafuatana naye. Barua hii nimeitanguliza kwa nahodha mmoja wa Kilwa, kwa sababu najua nikikuona ulivyo nitalia, na nikilia nitayameza haya yote, na siyataki tena tumboni mwangu.

Mwanahawa haji. Hatasimama mlangoni wala hatapita njiani. Usimtume mtu mwingine kuniomba. Atabaki na baba yake na wifi yangu, na utaondoka duniani bila kumwona. Nimeliandika hili mara moja, nikalisoma, nikaliacha lilivyo.

Kuhusu radhi, siwezi kukuahidi. Ninayo leo? Hapana. Huenda nitaikuta njiani, huenda nitaikuta hapo kitandani pako, na huenda nitakaa nawe mpaka mwisho, nikuoshe, nikuvishe, nikuzike, na bado nisiwe nayo. Nikiwa nayo nitaitamka kwa sauti, uisikie. Nisipokuwa nayo sitakudanganya kwa kukuhurumia. Tumedanganyana ya kutosha katika nyumba yetu.

Nilipokuwa nakunja nguo Mwanahawa aliingia. Aligeuza kichwa kama kawaida yake, anisikie vizuri, akauliza, "Mama, unakwenda wapi?"

"Kilwa."

"Kuna nani?"

Miaka yote hii sikumwambia kitu. Hajui nani alimpokea siku ya kuzaliwa, wala nani alimtafunia ndizi. Nilitaka kusema kuna mgonjwa, kuna jamaa wa Bi Tatu. Maneno yalikuwa tayari.

"Kuna dada yangu," nikasema.

Akashangaa, macho yake mawili yakafunguka, lile zima na lile la upande uliolala. "Kumbe una dada?"

"Ninaye," nikamjibu.

Mungu akuhifadhi mpaka nifike.

Ni mimi mdogo wako, uliyenilea,
Zaina, mama wa Mwanahawa